Karakana ya udongo njia ya Hombolo: chungu kimoja, mabakuli mawili na ufa mmoja

Mimi ni fundi wa marumaru. Huu ni mwaka wangu wa 14 katika kazi hii, na sita ya mwisho nimeifanyia hapa Dodoma, tangu ujenzi uliposhika kasi Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Kila nikifungua boksi jipya natoa marumaru moja, naishikilia kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, naigonga kwa kifundo cha kidole cha kulia. Ikilia kwa sauti ya juu inayokawia masikioni, imeiva. Ikitoa sauti butu, ina ufa usioonekana au haikushiba moto, na boksi linarudi dukani hata kama mwenye nyumba ana haraka ya kuhamia. Naanza na hili ili ujue ninapima kwa kipimo gani haya nitakayoyasema kuhusu karakana hii ya ufinyanzi.

Kilichonipeleka huko ni bakuli. Nilikuwa namalizia jiko la mteja mmoja kule Ilazo. Mezani palikuwa na bakuli la zabibu lenye rangi ya asali, na ndani ya ile rangi kulikuwa na vidoti vyeupe vilivyochomoza kama chumvi kwenye shati la mtu aliyelima juani siku nzima. Nikaomba ruhusa, nikazihamisha zabibu, nikaligonga. Lililia kama marumaru ya daraja la kwanza. Nikaligeuza kutafuta muhuri wa kiwanda, nikakuta alama ya kidole gumba. Mama mwenye nyumba akaniambia limetengenezwa hapahapa, ukishapita Ihumwa kuelekea Hombolo, kwa udongo, mawe na majivu. Marumaru ninazobandika mimi zinatoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze, kwenye tanuri zenye urefu wa kuzidi uwanja wa mpira. Kwamba mtu anaweza kuufikia moto wa namna hiyo uani kwake, sikuwahi kuwaza.

Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala hadi Ihumwa, nikamalizia na bodaboda kwa shilingi 3,000. Ua wenyewe una migunga mitatu, mbuyu mmoja nyuma ya uzio, na kibanda cha kuhifadhia udongo kilichojengwa kama tembe, paa bapa na kuta nene, ili udongo usikauke. Nilimwamkia mama mwenye karakana, "Shikamoo mama," nikaongezea "Mbukwenyi" kama ninavyowasikia wenyeji. Akaitikia yote mawili, akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikamwambia Muheza. "Basi karibu mwanangu. Mtu wa udongo mwekundu, hapa utakutana na mweusi."

Mafunzo ni Jumamosi tatu, shilingi 35,000 kwa kila moja, pamoja na kilo nne za udongo, chai na maandazi. Hawapokei zaidi ya watu sita. Kuchoma kunalipwa mbali: 3,000 kwa chombo kisichozidi shubiri moja, 6,000 kwa kilichozidi. Ukijumlisha, nimetumia 114,000 kabla ya nauli. Ni pesa nyingi kwa fundi, na nitasema mbele kama zimerudi.

Jumamosi ya kwanza hatukufinyanga chombo chochote. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa amekuja kutengeneza zawadi ya harusi, alikasirika waziwazi. Mimi nasema hiyo ndiyo siku iliyonifaa kuliko zote. Mama alipanga ndoo tatu. Ya kwanza ni udongo mweusi wa mbuga, ule ambao masika unang'ang'ania kiatu mpaka unakivua, na kiangazi ardhi yake inapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ya pili ni udongo mwekundu wa vilimani, unaopata rangi yake kwenye chuma chenye kutu. Ya tatu ni unga mweupe laini, kaolini, unaoletwa kutoka milima ya Pugu.

Kila mtu alipewa kazi ya kutengeneza vipande bapa vya majaribio na kuchora juu yake mstari wa sentimita 10 kwa rula. Baada ya wiki, vikiwa vimekauka kabisa, tulipima tena ule mstari. Kwenye udongo wa mbuga mtupu ulibaki sentimita 8.8, na kipande chenyewe kimejikunja kama chapati iliyosahauliwa. Kwenye mchanganyiko wa karakana ulibaki 9.3, kipande kimetulia bapa. Mtu anayebandika sakafu anaelewa papo hapo maana ya milimita 12 katika sentimita 10. Mbuga unajaa maji katikati ya chembe zake ndogo mno, unavimba; maji yakitoka unanywea. Ndiyo sababu nyumba nyingi za huku zinapasuka kuta, na ndiyo sababu bakuli la mbuga mtupu halifiki motoni.

Dawa yake ni vigae. Vyungu vilivyovunjika vinatwangwa kwenye kinu, vinachekechwa, na unga wake wa chengachenga unakandwa ndani ya udongo mbichi, kipimo kimoja kwa vitatu. Zile chenga zimeshapita motoni, hazinywei tena, kwa hiyo zinaushikilia udongo mpya na kuacha vijia vya kutolea maji. Tumezoea kusema mfinyanzi hulia gaeni. Katika ua huu gae linarudi udongoni, na mama hatupi hata kipande. Ana pipa zima nyuma ya kibanda, na alituonyesha kigae cha mtungi wa bibi yake anachokitia kidogokidogo katika kila mkando.

Jumamosi ya pili tulifinyanga. Hakuna gurudumu. Unasokota udongo kama kamba nene, unauzungushia juu ya kitako, unabana kwa kidole gumba ndani huku vidole vinne vikipokea nje, kisha unakwangua kwa kipande cha kibuyu. Nilitengeneza chungu kimoja cha mchanganyiko mweusi na mabakuli mawili ya mchanganyiko mweupe. Nilidhani mikono yangu iliyozoea kukata kwa mashine ingekuwa mizito, lakini jicho la kusawazisha lilinisaidia. Mdomo wa chungu ulitoka sawa.

Hatari ya Dodoma katika hatua hii ni upepo. Pwani chombo hukaa siku nyingi bila kukauka. Hapa, kiangazi, mdomo unakauka ndani ya saa moja wakati kitako bado kina maji, basi mdomo unavuta, kitako kinakataa, na ufa unazaliwa. Kila chombo kilifungwa kitambaa chenye unyevu mdomoni na kikawekwa ndani ya tembe, kikigeuzwa kila siku. Kazi hiyo wanaifanya wenyewe katikati ya wiki, hujalipia, hata huioni. Nimeihesabu katika bei.

Halafu kusugua. Hili nitalieleza taratibu kwa sababu sijawahi kuona udongo ukibadilika hivyo. Chungu kikishakuwa kigumu kama ngozi ya kiatu, kinapakwa maji mazito ya udongo mwekundu, mara mbili. Kikishanyonya mpaka hakiachi rangi kidoleni, mama anakupa kokoto ya mtoni. Kila mmoja ana yake kwenye kikopo, na ya mama ilikuwa ya bibi yake, imelika upande mmoja kama sabuni iliyobaki. Unasugua polepole, mstari mmoja juu ya mwenzake, bila kubonyeza. Mwanzoni huoni kitu. Baada ya dakika kumi kunatokea alama nyembamba inayong'aa, upana wa kijiti cha kiberiti. Unaifuata. Chembe za udongo ni bapa, na jiwe linazilaza zote upande mmoja mpaka mwanga unarudi. Nilisugua saa tatu. Mama alipita, akakipitisha kiganja bila kukiangalia, akaniambia, "Hapa umekimbia." Nikarudia. Alikuwa amegusa mahali ambapo niliwaza mambo ya mteja mwenye deni langu.

Ule wekundu una historia katika ukanda huu. Mke wangu ni Mrangi wa Kondoa, na nilipomletea picha kwenye simu alisema hiyo ni rangi ya Kolo. Anamaanisha michoro ya mapangoni kwenye barabara ya kwenda Arusha, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu na wanyama wa kule wamechorwa kwa rangi hiyohiyo ya mawe yenye chuma, na bado wapo. Nilimuuliza mama kama anachukua rangi yake huko. Alinijibu kwa ukali kidogo kwamba mtu hakwangui ukuta wa mkubwa wake. Yeye anaokota mawe mekundu kwenye makorongo baada ya mvua, anayasaga mwenyewe. Nilifurahi kulisikia.

Moto wa chungu ulikuwa Jumamosi ya tatu, na tulitakiwa kufika saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka. Vyungu viliinamishwa kwanza kuzunguka makaa kwa zaidi ya saa moja mpaka havishikiki kwa mkono. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakichemka ghafla yanageuka mvuke na kukipasua chombo kwa kishindo. Kisha vikapangwa juu ya mawe, chini yake kuni za mgunga, kati yake mavi makavu ya ng'ombe, juu mabua ya uwele, na kufunikwa kwa vigae vikubwa ili moto usikimbie. Mavi ya ng'ombe yanaungua taratibu na sawasawa. Mabua yanatoa mwali mrefu wa kumalizia. Moto wa wazi wa namna hii hukaa kati ya nyuzi 600 na 900. Kuanzia kama nyuzi 500 udongo unatoa maji yaliyofungwa ndani ya umbile lake lenyewe, na kutoka hapo haurudi tena kuwa tope, hata uuloweke mwaka mzima.

Chungu changu kilitoka chekundu, na wingu jeusi upande mmoja lenye umbo la jani. Palipofika hewa, chuma kimekuwa chekundu. Moto ulipokosa hewa, chuma kimenyang'anywa oksijeni na moshi umekaa udongoni, pakawa peusi. Ukutani mwa karakana kuna picha ya vyombo vya Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na anayefanyia kazi Uingereza, ambaye hutumia njia hizi mbili, hewa na moshi, kwa kukusudia, bila kupaka utando wa kioo juu. Kijana wa karakana, mtoto wa dada yake mama, ndiye aliyeibandika. Alisoma sanaa Bagamoyo, na tanuri la gesi ni kazi yake.

Nije sasa kwenye tanuri, kwa sababu hapo ndipo pana jambo langu.

Ni pipa la chuma lililofunikwa ndani kwa blanketi la kuzuia joto, na midomo miwili ya moto chini. Moto mmoja unakula mtungi wa gesi wa kilo 15 na nusu ya mwingine. (Neno letu mtungi limesafiri: katika ua huu unapigwa moto mtungi wa maji, na moto wenyewe unatoka katika mtungi.) Mabakuli huchomwa mara ya kwanza kwa moto mdogo, yanapakwa kile wanachokiita glezi, halafu yanarudi kwa moto mkubwa wa nyuzi 1,250 na kitu. Glezi ni kioo. Wengi tunadhani ni rangi ya kopo. Yao ni vikombe vinne vya majivu, vinne vya vumbi la mawe ya granaiti, na viwili vya udongo, vikikorogwa na maji mpaka viwe kama maziwa mazito.

Majivu wanayachukua kwa wauza chipsi wanaopikia kuni, wanayachekecha, wanayaosha kwa glavu kwa sababu maji yake yanachubua mikono. Vumbi la mawe linatoka kwenye mashine za kusaga kokoto. Mimi nimekuwa nikilifagia vumbi hilo kwenye saiti miaka yote kama uchafu. Granaiti, hii iliyotuzunguka Dodoma yote, yale majabali yaliyopandana kama mtu ameyapanga kwa mkono, ina madini ya kwatzi, feldispa na maika. Kwatzi peke yake haiyeyuki kwa moto huo. Majivu yana chokaa na magadi, feldispa ina magadi yake, na hayo ndiyo yanayoilazimisha kwatzi kulegea na kuwa kioo. Chuma kidogo kilichomo kwenye mawe na udongo ndicho kinachotoa ile rangi ya asali. Vidoti vyeupe nilivyoviona Ilazo ni punje za feldispa zilizoachwa kwa makusudi ndani ya udongo. Zimeyeyuka nusu na kujitokeza nje. Bakuli lile ni mlima uliosagwa na kurudishwa motoni.

Hapa nina neno la kuwasahihisha. Bango lao linasema kila kitu ni cha Dodoma. Si kweli kwa mabakuli ya tanuri. Udongo mwekundu wa huku ukifikishwa nyuzi 1,250 unavimba mapovu na kulala chini kama uji. Nilionyeshwa kimoja kilichoganda kwenye rafu. Ndiyo maana wanatia kaolini ya Pugu kwa wingi. Nilipomuuliza kijana alikiri mara moja bila kuficha, na chombo hakipungui thamani kwa kuchanganya Pugu na Ihumwa. Basi waandike hivyo kwenye bango. Mteja akijua, atalipenda zaidi.

Jambo lenyewe ni hili. Moto mkubwa unakwenda karibu saa kumi kupanda, na kushuka unataka zaidi ya hapo. Kuna mahali, nyuzi 573, ambapo punje za kwatzi zinabadili umbile kwa ghafla, zinatanuka wakati wa kupanda na kunywea wakati wa kushuka, na chombo kikikimbizwa hapo kinapasuka. Hata chini ya hapo, hewa baridi ikipiga upande mmoja wa chombo cha moto, upande huo unanywea kabla ya mwenzake. Waliwasha Jumapili asubuhi. Jumatatu saa moja asubuhi nilipita kuangalia kabla ya kwenda saiti, nikakuta kijana amelegeza mfuniko. Kipimajoto kilisoma 280. Kulikuwa na mteja mwenye mzigo wa vikombe aliyekuwa anawahi basi, amesimama na boksi mkononi. Nikasikia "tii", sauti nyembamba, halafu nyingine. Naijua sauti hiyo. Ni ya marumaru iliyobandikwa bila nafasi siku jua linapopiga.

Vyombo vitatu vilipasuka, bakuli langu moja likiwemo, ufa kutoka mdomoni hadi karibu na kitako. Kijana aliniambia kuta zangu zilikuwa hazilingani unene. Iliniuma, kwa sababu nilizipima. Lakini ufa wenyewe unasema ulizaliwa lini. Chombo kikipasuka wakati wa kupanda, glezi ikiyeyuka inalamba kingo za ufa na kuzifanya mviringo. Kikipasuka wakati wa kushuka, glezi imeshaganda, na kingo zinakata kama chupa. Mama alitufundisha hilo mwenyewe Jumamosi ya kwanza. Nikapitisha ukucha juu ya ufa. Ukakwama, ukakwaruza. Nikamwita mama aje aguse.

Alikuja, akapitisha kidole chake mara moja tu. Akamgeukia kijana, "Umefungua mapema." Kisha kwangu, "Mwanangu, hili ni letu." Alinirudishia 3,000 na kunipa udongo wa bakuli jingine pamoja na kulichoma bure. Kijana aliomba radhi baadaye, akiwa peke yake, na nilimpokea. Ana kipaji, na mteja aliyesimama na boksi ni mzigo mzito kwa mtu wa umri wake. Hata hivyo karakana isiahidi mtu chombo siku ya pili ya moto. Kama kuna kanuni moja ya kubandikwa kwenye mlango wa tanuri lile, ni kwamba haliguswi kabla ya kushuka chini ya 100, awe nani anayesubiri.

Nyumbani nilivipima vilivyobaki kwa mizani ya jikoni. Chungu kikavu kilikuwa na gramu 860. Kililala kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi kikawa 978. Kimekunywa karibu asilimia 14 ya uzito wake. Bakuli zima lilikuwa 412, likawa 419, kama asilimia 1.7. Kulinganisha, marumaru ya poselini ya sakafuni haitakiwi kuzidi asilimia 0.5, na ile ya ukutani inaruhusiwa kuzidi 10. Kwa hiyo bakuli la ua huu limekaribia sakafu ya hoteli. Sauti yake inathibitisha.

Msiione asilimia 14 ya chungu kama kasoro. Mtungi unaotoka jasho ndio unaopoza maji, kwa sababu maji yanayopenya na kukauka juu ya ngozi yake yanaondoka na joto. Katika hewa kavu ya Dodoma jasho hilo linakauka haraka, na maji yanapoa kuliko ambavyo mtungi huohuo ungeweza Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe imeshashiba maji. Wanauza mitungi ya lita 10 kwa 45,000. Nimenunua mmoja, na umeme ukikatika wanangu hawaulizi tena habari ya friji.

Kuhusu chakula: chungu kipya tulikichemshia uji mwepesi kwanza, tukaumwaga, ili wanga uzibe vijitundu. Tangu hapo mke wangu anapikia mlenda humo, na anasema haushiki chini kama kwenye sufuria. Kwa bakuli la glezi nilifanya jaribio ninalofanya kwenye mawe ya kaunta. Nilikata ndimu, nikailaza kifudifudi ndani yake hadi asubuhi. Hakuna doa wala rangi iliyofifia. Mchanganyiko wao hauna risasi, yale madini yenye sumu, ni majivu, jiwe na udongo tu, lakini bado fanya jaribio hilo kwa chombo chochote cha glezi unachonunua popote, hasa chenye rangi kali ndani, ingawa ndimu inaonyesha tu glezi inayoliwa na asidi, haithibitishi kwamba hakuna risasi.

Dukani kwao si kila kitu kizuri. Yale mapambo yenye umbo la mbuyu, matawi yameganda juu kama vidole, yanauzwa 30,000 na wageni wanayapenda. Mimi naona yanaiga mti kwa nje na kuuacha. Kuna sahani, lakini, ambayo kijana aliikandamizia gome la mbuyu likiwa bichi, akapaka glezi nyembamba ikakusanyika kwenye mikunjo na kuacha migongo wazi. Hiyo ukiipapasa umefumba macho unajua uko wapi. Sahani hizo ni 18,000. Mabakuli ya kawaida ni 12,000, na kwa kazi niliyoiona nyuma yake, bei hiyo ni ya chini. Ningewashauri wapandishe na waache kuharakisha.

Kama unakwenda, vaa nguo usizozionea huruma, kata kucha, beba maji ya kunywa na kofia. Choo ni kisafi. Malipo ya simu yanakubalika. Ukitaka chungu tu, mwezi mmoja unatosha. Ukitaka bakuli la tanuri, weka wiki sita, na usipange kulibeba siku ya safari. Masika wanapunguza kazi kwa sababu kuni na mavi vinalowa na vyombo havikauki.

Kati ya nyota tano ninawapa nne. Ile ya tano iko mikononi mwa kijana. Pesa yangu imerudi, kwa mtungi, kwa chungu, na kwa jinsi ninavyoyatazama majabali ya Mlimwa kila nikipita asubuhi.

Moto mwingine wa tanuri ni Jumapili ijayo. Nimeshapeleka debe la majivu na ndoo mbili za vumbi la kokoto kutoka saiti, mama amepima mwenyewe na kunipunguzia 5,000 kwenye mtungi wa pili. Bakuli langu la fidia liko rafu ya chini, na nimemwambia kijana kwamba sitalifuata kabla ya Jumanne jioni.